Funguo Ishirini na Tatu

Jumapili ile, hapa Ibra, nilipewa
barua, muhuri, na funguo ishirini na tatu.
Hongera, Ustadha Ghaniya. Gari la mkoa likaondoka.

Kemia niliijua. Miaka kumi na minne
nikiwaonyesha wasichana asidi inavyoitafuna chokaa.
Lakini nani alinifunza
kiyoyozi kikifa mwezi wa Mei darasa lipi lihamie wapi,
mwalimu anayelia chooni aambiwe nini,
na yale majedwali ya bajeti
yasomwe kuanzia juu au chini?
Nilijifunza kwa kuwakosea watu.
Wawili hawajaniitikia salamu mpaka leo.

Sasa umekuja waraka wa wizara, kurasa sita:
asikabidhiwe mtu shule
kabla hajakaa muhula mzima ubavuni mwa aliyetangulia;
vipindi vyake vipunguzwe, nauli yake ilipwe.

Nauli! Nililisoma neno hilo mara mbili.
Aliyeliandika, nadhani, naye aliwahi
kwenda Maskati kwa kozi ya siku moja, kwa pesa zake,
akarudi usiku kusahihisha mitihani.

Wa kwanza kuletwa kwangu ni Shinuna,
niliyemsomesha mwenyewe, hodari wa hesabu,
daftari jipya, viatu vinambana.
Amekaa wima, kalamu tayari,
anangoja nimweleze uongozi.

Mimi namwaga funguo mezani.
Nachagua mmoja, mrefu, wa shaba.

"Huu haufungui kitu," namwambia.
"Mie ilinichukua miaka miwili kujua."