Upande wa Baba Ntakwinja

Mama aliipanda mwaka ule ukuta ulipoanza kuinama:
kijiti kimoja, urefu wa kiganja,
ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari.
Alisema, udongo wa Muhungu una miguu,
ukinyeshewa unatembea,
unashuka ziwani bila kuaga.
Tuutafutie mtu wa kuushika.

Sasa ni miaka mitatu hayupo,
na bugenvile yake hakuna aliyeigusa.
Tulipita chini yake polepole,
kama watu wapitao mlangoni mwa mgonjwa.
Ikapanda bati. Ikaingia dirisha la jikoni.
Ikamvua shangazi Cibalonza kitambaa cha kichwa
asubuhi, akienda misa.
Miiba, majani, kijani juu ya kijani,
na ua, hata moja.
Tukasema: nayo inaomboleza.

Mimi ni fundi wa nguo, kule Kadutu.
Nimefunzwa kupima mara tatu, kukata mara moja,
maana kitenge ukikikosea
hakichipui.
Labda ndiyo sababu niliogopa.

Mwezi wa sita, mvua ilipokatika,
upepo ulirusha shuka letu juu ya ukuta.
Nikapanda ngazi kulichukua,
nikachungulia, mara yangu ya kwanza,
upande wa Baba Ntakwinja.

Yule aliyetushtaki kwa shefu wa avenyu
kwamba majani yetu yanaziba mfereji wake.
Yule tuliyeacha kumsalimia.

Upande wake ulikuwa unawaka.
Rangi ya kitenge cha harusi
kabla hakijaonja maji.
Mti ule ule! Mama yule yule!
Na kila tawi lilikuwa na kovu, hapa, na hapa, na hapa:
alikuwa akilikata kila kiangazi,
kwa hasira, akitukana,
tulimsikia akitukana, tukafunga dirisha.

Hasira yake ilijua kazi
ambayo heshima yetu haikuijua.

Nikarudi na makasi yangu ya kitambaa. Nisamehewe.
Tawi la pili yakafa makali.
Ndipo mkono ukapita juu ya ukuta,
umeshika sekateri upande wa meno,
mpini ukinielekea mimi.

"Si hapo," sauti ikasema. "Tafuta jicho.
Lile linalotazama nje, si la ndani.
Kata juu yake, kidole kimoja,
mshazari, maji yateleze."

Hatukusalimiana. Tulikata.
Yeye kule, mimi huku,
matawi yakianguka pande zote mbili.

Baadaye sana akasema:
"Na hayo unayoyaita maua ni majani.
Ua lenyewe ni hicho kipunje cheupe katikati.
Mengine yamevaa tu."
Miaka ishirini ninashona
na sikujua kwamba hata jani huenda kwa fundi.

Kufika saa kumi, ua wetu ulikuwa uchi.
Shangazi Cibalonza alitoka, akashika kiuno,
akalia kidogo,
akaenda kuleta ufagio.
Ndipo tukauona ukuta:
ufa mpana kama mkono wa mtu,
na shina la Mama limepita ndani yake,
likatoka, likarudi, likatoka tena,
mshono mbaya, wa mtu asiyejua kushona,
lakini umeshika.

Leo ni siku ya kumi na sita.
Nimetoka na utepe wangu shingoni.
Jicho la chini ya dirisha: milimita sita.
La pembeni: nne, na wekundu kidogo kwenye ncha.
La tatu nimelipima mara tatu,
ni mazoea tu.

Sekateri ya watu bado iko kwangu.
Nimeipaka mafuta ya cherehani.