Bizimu Mbili

Umezimwaga risasi sita mezani kwangu, Balama,
kutoka kwenye leso, katikati ya misumari na gundi,
zikabingirika hadi ukingoni mwa ubao
kama wageni wasioonyeshwa pa kukaa.
"Nishonee cha kuzibebea," unasema. "Kitu imara."

Imara.
Kaa kwanza. Jimiminie chai hapo kwenye chupa.
Baridi ya Iringa mwezi wa saba haina adabu,
vidole vyangu bado vinaikataa sindano.

Shati lako lina mifuko minne, nimeiona.
Zitie humo, zitagongana kila hatua
kama senti za sadaka kwenye kopo,
na mbogo mwenye jeraha hahitaji kuhubiriwa mara mbili.

Mkanda wa kuvuka kifua? Nimewashonea wawili.
Wote walikuwa wanataka kupiga picha.
Ukitambaa nao mateteni kule Pawaga unakunywa tope,
unateleza hadi mgongoni,
na mkono unapapasa kifuani kitu kilichokwisha kuhama.

Umpe kijana wa nyayo akubebee?
Kijana ni mwema, mama yake mteja wangu.
Lakini mbogo akitoka atapanda mti, tena ana haki,
nawe utabaki chini ukihesabu matawi
kati yako na uhai wako.

Mgata naye alisema imara.
Nikamshonea mfuko wa ngozi ya ng'ombe, uzi maradufu,
kifuniko cha kubana, bizimu mbili za shaba.
Niliuvuta kwa meno mbele yake. Nilijisifu.
Nikasema: humu hata mvua haipiti, seuze mwizi.
Akacheka, akalipa yote, chenji akaniachia.

Mpunga ulikuwa unachanua walipomtoa shambani kwa trekta.
Siku ya pili wakaja kwangu wawili wa ofisini
na mfuko ule, umelowa.
Bizimu ya kwanza ilikuwa imelegezwa.
Ya pili imegoma, wakaniomba niifungue.
Nilitumia koleo.
Ndani risasi kumi, kavu, zinang'aa.
Bunduki yake, walisema, ilikutwa tupu.
"Zote salama," mmoja akasema. "Kazi nzuri, fundi."
Nimetukanwa sana katika soko hili la Mlandege.
Sijawahi kutukanwa vile.

Basi simama.
Shika ufagio huu, ndiyo bunduki yako. Fumba macho.
Umepiga, umekosa, anakuja.
Mkono gani unaachia kwanza?
Umedondokea wapi?
Hapo. Usiusogeze. Ngoja nitie chaki.

Hapo nitashona vitanzi vitatu, vichwa vya risasi chini,
bila kifuniko, bila bizimu.
Na si kwa ngozi. Kwa turubai.
Ngozi huiotesha shaba ukijani,
wiki tatu tu na risasi inang'ang'ania kitanzi
kama bahili na noti yake.
Naam, fundi wa ngozi ndiye anayekwambia usitumie ngozi.
Nyingine zifunge kitambaa moja moja, uziweke mkobani.
Hizo ni za safari. Hizi tatu ni za kurudi.

Unaniuliza kama hazitaanguka.
Moja inaweza kuanguka.
Utairudia nyayo zako ukiitafuta hadi jua lizame,
ukiikosa utaandikia ofisi maelezo, kurasa mbili, tatu,
mkuu wako atagonga meza, utakatwa posho.
Mgata hakuandika maelezo yoyote.

Hapana, sitaki kishika mkono.
Mama Lusungu alipokuja kuuliza
kama mfuko ungefaa kugeuzwa mkoba wa shule,
niliung'oa bizimu zote mbili,
nikaweka kamba ya kuvuta tu,
mtoto wa darasa la kwanza anaifungua kwa kidole.

Haya. Ufagio. Fumba macho.
Piga. Tafuta.

Umechelewa.

Tena.