Nyaya Nane

Barua imekuja Jumatatu, mistari mitano na muhuri:
mtaala wa zamani unafungwa tarehe thelathini Juni.
Ambaye hajafaulu mpaka siku hiyo, ataanza upya.
Niliisoma nimesimama, chaki mkononi,
darasa zima la Nyakato likinitazama mdomo
kama watu wanaosubiri kuitwa majina Bugando.

Miaka kumi na mmoja nimefundisha toleo lile.
Nilijua ukurasa wenye kosa la chapa,
nilijua swali gani litamwangusha nani,
na ule mzaha wangu wa ruta na karani wa posta
ulikuwa unajicheka wenyewe, hata nisipoumaliza.
Sasa sura nne zimefutwa. Zimefutwa tu,
kama mtu anavyopangusa makombo kwa kiganja.
Mahali pake wameweka usalama, mawimbi yasiyo na waya,
na sura ya mwisho ninayoipitia mbali:
mashine inayoziandikia mashine wenzake amri.

Mkuu wa chuo, Bwana Lugembe, aliuliza gharama.
Nikamwambia swichi zetu sita bado zinafaa.
Akashusha pumzi, akasaini.
Hakuuliza kama mwalimu bado anafaa.

Mbuke alibaki baada ya kipindi.
Ameanguka mara mbili: kwanza kwa alama tisa, kisha kwa alama moja.
Moja! Na ada yenyewe ni vidole vya mama yake,
mshona nyavu wa Igombe, fundo kwa fundo.
"Mwalimu, nilichokwisha kukijua kinakwenda wapi?"

Nilijifanya natafuta kifutio.
Akaendelea mwenyewe, akiangalia dirishani:
mwaka ule kipimo cha macho ya wavu kilipobadilishwa,
maofisa walikuja ufukweni na rula.
Jicho la wavu wa mama lilipungua unene wa kucha.
Wakauchoma mbele yake. Moshi wa nailoni, alisema,
hautoki kwenye nguo hata ufue mara tatu.
Mama alikaa kimya mpaka jua lilipozama,
akala kiporo, akakopa uzi mpya.
"Vidole havikuchomwa," akasema Mbuke,
halafu akaona haya,
kana kwamba ametoa methali bila ruhusa ya wakubwa.

Basi nikajiandikisha naye, sura mpya, mtihani mmoja.
Nilisoma usiku, watoto wamelala,
umeme ukikatika nasoma kwa tochi ya simu,
nikiandika amri pambizoni mwa daftari la marejesho ya mkopo.
Mke wangu akaniuliza, "Ni wewe mwanafunzi siku hizi?"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu mabano.

Siku yenyewe tulikaa safu moja, ghorofa ya tatu,
ziwa likimeta dirishani kama skrini isiyo na kazi.
Matokeo yalitoka hapo hapo.
Yeye amefaulu.
Mimi nimepungukiwa alama mbili.
Akaficha karatasi yake nyuma ya mgongo.
Nikamwambia itoe, mama, itoe tuione.

Jumatatu nikawaambia darasa, bila kuzunguka.
Wakacheka, kisha wakanyamaza kwa namna
ambayo miaka kumi na mmoja sikuwahi kuipata.
Nitarudia Agosti. Wakati huo tufungue kebo.

Nyeupe-chungwa, chungwa. Nyeupe-kijani, buluu.
Nyeupe-buluu, kijani. Nyeupe-kahawia, kahawia.
Nane, kama mizani ya kipande cha shairi,
na toleo hili halikuhamisha hata mmoja.
Kashinje, mdogo kuliko wote, akauliza:
"Na hizi zitabadilishwa lini?"
Bana kwanza, nikamwambia.

Koleo likalia, ka.
Taa ya kwanza ikawaka kijani, ya pili ikawaka.
Ya tatu ikakataa.
Tukakata ncha, tukaanza upya.