Safu ya Nne

Karatasi ilitoka Unguja ndani ya bahasha ya kaki,
sisi tunaosomea ubingwa tuijaze, bila jina:
maneno kumi na mawili upande wa kushoto,
safu nne upande wa kulia.
Silijui. Nimelisikia. Nalielewa kidogo.
Na ya nne: Nalielewa, naweza kumweleza mwenzangu.

Nikatia vema. Vema, vema, vema,
kama karani anayepiga chapa magunia.
Jaribio la nasibu: vema.
Kipimo cha hatari: vema.
Masafa ya uhakika, vema,
ingawa hapo mkono ulisita
kama wa mtu anayetia saini hundi
na anajua benki hana kitu.

Saa nane usiku, wadi ya watoto, Chake.
Bi Mize Faki, muuguzi tangu mimi sijazaliwa,
aliisoma karatasi juu ya bega langu.
"Hili la tisa," akasema. "Umeandika waweza kumweleza mwenzio.
Haya. Mwenzio mimi hapa."

Nilifungua mdomo.
Nikasema "asilimia tisini na tano," nikanyamaza,
maana ndicho nilichokuwa nacho, nambari tu,
kama mtoto wa chuoni aliyehifadhi sura nzima
na hajui hata aya moja yasema nini.
Hakunicheka. Angenicheka ingekuwa nafuu.

Ndipo akaletwa Biubwa, miaka mitatu, kutoka Vitongoji.
Homa arubaini, miguu baridi kama samaki wa barafu.
Hakuharisha, hakutapika.
Mama yake kanga kaivaa ndani nje.
Bi Mize keshatundika chupa:
"Tummiminie yote, haraka. Ndivyo atufundishavyo Dokta Mbarouk,
na mkono wa Dokta Mbarouk una baraka."

Nikasema: Ngoja.
Neno dogo, likanikwama kama mwiba wa changu.
Utafiti ule niliusoma, muhtasari tu,
usiku wa kuamkia mtihani.
Haukufanywa Ulaya. Watoto walikuwa wa huku huku kwetu,
homa hii hii, miguu baridi hii hii.

Bi Mize akavua tasbihi mkononi.
"Nionyeshe."
Tisini na tisa, na ile ndefu ya kichwani: mia.
Nikahesabu punje saba. Hawa walikufa,
katika mia waliotiliwa maji polepole.
Nikarudi mwanzo, nikahesabu kumi, na ya kumi na moja nikaishika nusu.
Hawa, katika mia waliomiminiwa.
"Tatu," akasema.
"Tatu na kitu. Lakini wangechukuliwa watoto wengine
pengine ingekuwa moja, pengine sita.
Ipi hasa, hatujui.
Tunachoamini ni kuwa haishuki ikafika sifuri."

Nikanyamaza mwenyewe.
Kumbe ndiyo hiyo. Masafa. Lile la tisa.

Bi Mize akakisokota kigurudumu cha dripu
mpaka matone yakawa ya kuhesabika.
"Na Dokta Mbarouk?"
"Asubuhi nitamwambia."
"Wewe?"
"Mimi."
"Haya, tutaona."

Asubuhi Biubwa aliomba uji, ulipoletwa akaukataa.
Dokta Mbarouk aliisoma chati mara mbili,
akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.
"Nani kasema?"
Nilitaka kusema: yu hai, mtazame.
Lakini mtoto mmoja si ushahidi.
Angeweza kupona kwa chupa nzima,
na mwengine akafa kwa matone yangu.
Nikasema: "Nitaileta makala nzima, tuisome sote.
Hata mimi sijaimaliza."
Alikaa kimya muda wa kuchosha.
"Ilete," akasema, akaenda kitanda cha pili.

Fomu ingali mfukoni mwangu. Vema hazifutiki, wino wa buluu.
Pembeni ya la tisa nimeandika kwa penseli:
mpaka saa nane usiku, nilikuwa silijui.

Na mlangoni, zamu zikipokezana,
nikamsikia Bi Mize na msichana mgeni wa mafunzo, Time Kombo.
"Shika," anamwambia, tasbihi i mkononi,
"hesabu saba. Usiharakishe."