Somo la Chanda na Pete

Stoke-on-Trent, Jumatano, saa tatu asubuhi.
Mvua ya hapa hainyeshi, inanung'unika tu dirishani.
Wanafunzi kumi na wanane, kahawa kumi na moja,
na ubaoni nimeandika: Serikali na Biashara.
Chini yake, kwa lugha ya mama yangu: chanda na pete.

Nikawafasiria. Nikauliza: nani chanda, nani pete?

Kieran Bloor, ambaye babu yake alichomea vikombe
katika tanuri ambalo leo ni mkahawa,
akasema serikali ndiyo chanda, maana huonyesha njia.
Shazmin akacheka: njia, au bei?

Nikawagawia karatasi za baraza la mji.
Kiwanda cha vigae kinaomba miaka sita bila kodi ya jengo,
kinaahidi ajira mia mbili na arobaini.
Ukurasa wa tisa, kwa herufi ndogo kama chawa,
"tunaahidi" imegeuka "tunatarajia".
Kozi yetu, nikasema, inaishi hapo,
katikati ya maneno hayo mawili.
Lakini bila barabara ya umma kigae hakitoki langoni,
na bila kigae barabara haina wa kuilipia.
Msiniandikie insha ya malaika na shetani.

Kimya. Mvua.
Kisha Delyth, ambaye husinzia darasani
kwa kuwa usiku huwageuza wagonjwa vitandani,
akainua kichwa.

"Wiki jana tuliletewa bibi mmoja, kidole kimevimba,
pete ya miaka hamsini imezama nyamani.
Tukajaribu sabuni. Tukajaribu uzi.
Mwisho daktari akaleta msumeno, mdogo hivi.
Bibi akalia, na wala hakuumia.
Alitaka kujua kama vipande vitaungika tena."

Hakuna aliyeandika.
Nilikuwa nimebakiza slaidi ishirini na mbili.
Nikazima mashine.

Alhamisi jioni tukaenda barazani, viti vya nyuma,
wanane tu kati ya wale kumi na wanane.
Aliyekisemea kiwanda nilimfundisha mimi, miaka minne iliyopita;
alinipungia mkono, tai yake mpya,
na kwa aibu nikaona fahari inanipanda.
Diwani akauliza, huku akifunga faili,
kama yupo mwananchi mwenye swali.

Delyth akasimama na ukurasa wa tisa,
mkono unamtetemeka kidogo.
Sabuni kwanza, nikajisemea. Sabuni kwanza.