Fimbo ya Chuma, Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku ndiyo saa ya kazi yangu.
Magomeni imelala, haijanyamaza.
Naiweka fimbo ya chuma juu ya bomba,
ncha ya pili naibana sikioni,
sikio la kulia; la kushoto
liliondoka na surua, nipo darasa la pili.

Kwanza naziita kelele kwa majina,
kila moja naiambia: kaa pembeni.
Friji la muuza juisi, linakohoa na kutulia.
Transfoma ya kona, mmmm, haivuti pumzi.
Feni. Feni. Pikipiki inakimbilia hospitali.
Vyura wa shimo la kina Vuai.
Na damu yangu mwenyewe, haina adabu,
inapita kwa kishindo kama imechelewa pahala.
Zikisha kukaa zote
ndipo namsikiliza asiye na jina.

Maji yanayovuja hayalii.
Yanasema ssss, kwa aliyekusudia,
kama mtu anayemnyamazisha mtoto
chumba cha tatu.

Kwa Bi Mize walinionya mlangoni.
"Usimjali mama," kanambia mwanawe,
"tangu mfungo sita anasikia mtu
ananong'ona chini ya kitanda.
Tumemfukizia ubani, tumemsomea,
daktari kampa vidonge vya usingizi."
Mwenyewe kakaa kitandani, kanga mabegani,
akaitazama fimbo, mimi hakunitazama.
"Hapo," kasema. "Sogea. Kidogo kwa kibla. Hapo."

Nikapiga magoti kwenye saruji.
Friji, kaa. Feni, kaa. Damu, tafadhali.

Ssss.

Sikusema kitu. Nilimpa ncha ya fimbo,
akaisukuma kando, akacheka:
"Mie sihitaji chuma."

Asubuhi tulivunja sakafu.
Bomba la zamani, tundu la punje ya mtama,
na chini yake mchanga umeshaliwa,
shimo la kumtosha mtu kulala.
Tukaziba. Mtaa wa pili mifereji
ikatema hewa, kutu, kisha maji.

Wiki ya pili napita, nimemkuta barazani,
nikamuuliza kama sasa usingizi unamjia.
"Unakuja. Ila kumekuwa kimya, mwanangu,
kimya mno. Na ndani ya kimya
kuna kitu chengine, mbali, kidogo..."

Akainamisha kichwa.
Nami, barabarani, na magari yote yale,
nikageuza sikio la kulia.