Saa Nane ya Karatasi

Karatasi ilisema: 8.
Nami, karani wa mizani Kilindini miaka thelathini na mmoja,
nisiyewahi kukosea hata gunia moja la chai,
nikangoja saa nane.
Jua utosini, Mwembe Tanganyika kumelala,
nikajidunga, wali umeshashuka zamani.
Na usiku, saa nane tena, kama aliyeamshwa kula daku
mwezi usio wa Ramadhani,
nikajidunga tumbo tupu.
Alfajiri Mwanakombo akanikuta sakafuni
nimelowa jasho, namwita kwa jina la dadangu.

Siku ya nne wodini, Sista Wakesho
aliketi ukingoni mwa kitanda,
akaishika karatasi ile kwa ncha mbili
kama nguo ya mtoto iliyolowa.
"Nani ameandika hivi?"
Kisha akanyamaza.
Mwandiko ulikuwa wake.

Akaikata ile 8 kwa wino mwekundu.
Akaandika: Ukirudi msikitini alfajiri, kabla ya chai.
Akaandika: Magharibi, kabla ya chajio.
"Saa zile ni za faili," akasema.
"Kwako kuna adhana."

Akatoa chungwa mfukoni mwa sare.
"Hili ni tumbo lako."
Nikacheka; tumbo langu halijapata kuwa dogo hivyo.
Nikalidunga mara kumi na moja, maji matupu,
mkono huu uliopitisha tani na tani
ukitafuta kistari kimoja, cha ishirini,
chembamba kama unywele wa mtoto wa arubaini.
"Hewa hiyo. Gonga. Itoe. Tazama tena."
Sikujua kuwa udogo nao una uzito.

"Friji unalo?"
"Lipo, ila stima..."
Akainua mkono, yatosha, naye anakaa Kisauni.
"Basi mitungi miwili, mdogo ndani ya mkubwa,
mchanga katikati, uunyweshe asubuhi na jioni.
Kichupa ukifunge kisiingie maji. Juu, kitambaa kibichi."
Nikaukumbuka mtungi wa mamangu, maji yanukiayo ubani.
Sikudhani ungerudi nyumbani umekuwa tabibu.

Sindano zilizotumika: chupa ngumu, kifuniko kikazwe,
irudi kliniki, isiende jaani,
watoto wetu huchezea kila kitu.

"Na funga je?" nikauliza.
Hapo hakuwa na haraka.
"Mwezi ukikaribia, njoo kwanza.
Usikate shauri peke yako,
wala mimi sitakukatia peke yangu."

Kisha akafunga daftari, akakunja mikono.
"Sasa mimi ndiye mgonjwa. Nifundishe."
Karani wa mizani hujibu kwa mizani:

    Chupa niivingirishe, kuitikisa hapana,
    Mahali nibadilishe, nisirudie pa jana,
    Chakula nisikawishe, nusu saa nyingi sana,
    Tetemo linikumbushe, sukari kulamba, bwana.

Wodi nzima ikapiga makofi, hata yule wa mguu wa plasta.
Sista Wakesho alikuwa akihesabu kwa vidole.
"Mishororo minne," akasema,
"na miguu yako miwili haimo hata mmoja."

Hivyo kila jioni, mjukuu wangu Tima
hukichukua kioo cha wanja cha nyanyake,
akakilaza chini ya unyayo wangu, akasoma kwa sauti
kama asomaye barua ya mtu mwingine:
"Hapa hakuna kitu. Hapa vumbi.
Hapa pamepasuka kidogo, tutamwambia Sista.
Na hapa?"
Kidole chake kinapita katikati ya vidole vyangu.
"Hapa umecheka, Babu.
Naandika: panasikia."